Ajenda ya Mwisho: Mengineyo

Sisi Watanzania hata tukihamia Marekani hatuachi vikao. Harusi kikao, msiba kikao. Kwa hiyo binti yangu alipokaribia kumaliza sekondari akasema anataka kuwa daktari, niliitisha kikao sebuleni kwangu, hapa Annandale. Nilipika pilau. Kaka yangu alitoka Lanham kuwa mwenyekiti, wadogo zangu wawili walitoka Hyattsville wakawa wajumbe, na mimi, mwenye mwandiko unaosomeka, nikawa katibu.

Ajenda ilikuwa moja: asome shahada gani kwanza, maana hapa hawakupokei kusomea udaktari mpaka uwe umemaliza shahada nyingine.

"Uuguzi," kaka alisema, hata sahani hazijafika. "Leo nesi, kesho daktari. Kuna la kujadili?"

Wadogo zangu waliafiki. Mimi pia. Kazi yangu ni kuogesha wazee, na kwa macho yangu nesi ndiye aliyesimama karibu kabisa na daktari. Tulidhani ni foleni, kwamba ukisogea kidogo tu umefika. Tungejuaje?

Tungejua, maana aliyejua alikuwepo. Tulipofika kwenye mengineyo, mwenyekiti alimuuliza mtoto kama ana neno. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango. Siku zote hunijibu kwa Kiingereza, lakini siku ile alijikaza kwa Kiswahili ili asimvunjie heshima mjomba wake. Alisema ameonana na mshauri wa masomo. Ameambiwa shahada yoyote inakubalika, hata historia, mradi asome kemia na fizikia wanazosoma watu wa sayansi. Kozi za uuguzi ni njia nyingine kabisa.

Kisha akanigeukia. "Mama, mimi napenda kemia. Naweza kusoma hiyo?"

"Kemia!" kaka akadakia. "Ukimaliza utatupikia sabuni?"

Tulicheka. Nami nilicheka, Mungu anisamehe, nikaenda jikoni kupakua pilau. Mtoto akasoma uuguzi.

Alihitimu vizuri, nikapiga vigelegele mpaka watu wa mbele wakageuka. Halafu akaanza kuulizia vyuo vya udaktari, na jibu likawa lile lile alilotuletea sebuleni: kemia aliyosoma haitoshi, fizikia hana kabisa, arudi darasani miaka mingine. Alijaribu muhula mmoja huku yuko kazini, akafeli, akaacha. Ni nesi mzuri, wagonjwa wanampenda. Hakuwahi kunilaumu. Heri angenilaumu, tungelia pamoja yakaisha.

Mwezi uliopita tulikuwa tunatafuta cheti chake cha ubatizo kabatini, akaliona daftari nililoandikia vikao nikiwa katibu, akafunua kikao chake. Alisoma kwa kufuata maneno kwa kidole, maana Kiswahili cha kuandikwa kinamsumbua. Nilitamani kumpokonya, nikashindwa. Alipofika mwisho akasoma kwa sauti:

"Mengineyo. Mtoto alikishukuru kikao. Kikao kilifungwa kwa sala."

Alirudi juu kidogo, akatafuta tena, akafunua hata ukurasa wa nyuma. Hakukuwa na kitu.

"Mama," akasema, kwa Kiswahili, kama siku ile. "Mimi sikushukuru. Mimi nilikuuliza swali."