Bunduki Isiyokosa

Baba yangu aliiamini bunduki yake kuliko alivyowaamini watu, na kwa kuwa mimi ni mmoja wa watu hao, nalisema hili bila kinyongo. Halikuwa gobore la kushindilia baruti. Ilikuwa bunduki ya kiwandani, yenye kibali, iliyolala chumbani mwao ikiwa imeviringishwa kanga ya mama, na ilipakwa mafuta hata misimu ambayo sisi watoto tulipauka. Mama aliiita "mke mwenzangu."

Kwetu Misunkumilo kila mtu alijua kwamba ile bunduki haikosi. Sasa, bunduki isiyokosa ina taabu yake: siku ikikosa, lazima apatikane mwingine wa kulaumiwa. Wazee wetu walikuwa wameshalimaliza jambo hilo zamani. Mwindaji akiwa porini, mkewe hutulia nyumbani. Hagombani na mtu, haendi kwa jirani, hatoi moto wala haombi. Akivunja mwiko, risasi hupotea njia huko huko iliko.

Miaka hiyo ya tisini nilikuwa chuo kikuu. Likizo moja nikakuta baba amepata kibali cha mbogo mmoja. Tukaenda watatu, yeye, mdogo wake na mimi, upande wa Kasekese, mbele ya mashamba ya mwisho. Kazi yangu ilikuwa kubeba maji na kutokohoa. Asubuhi ya pili tukamkuta dume peke yake, amesimama wazi kwenye nyasi zilizoungua. Umbali ule hata mimi ningempata, na mimi nimewahi kukosa wachumba waliokuwa karibu zaidi.

Baba alilenga kwa muda mrefu, akapiga. Vumbi likaruka kwenye kichuguu cha pembeni. Mbogo akainua kichwa, akatutazama kama mtu aliyeitwa jina lisilo lake. Baba akapiga tena. Mbogo akaondoka, wala hakukimbia sana.

Baba mdogo aliichukua bunduki, akaikagua, akairudisha.

"Kaka," alisema, "nyumbani kuna kitu."

Nilimwona baba akishusha pumzi, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Njia nzima ya kurudi walimzungumzia mama. Nami, badala ya kunyamaza, nikawaeleza kwamba miiko ya aina hii ina mantiki yake, kwamba inaliunganisha pori na jiko. Nililisoma mwaka ule ule. Nilitumia hata neno "muktadha." Baba, ambaye hakuwahi kuelewa nasomea nini, aliitikia kwa kichwa na kuridhika. Hatimaye chuo kilikuwa kimefaa kitu.

Tulikuta majirani wamekusanyika, wakitegemea nyama. Baba akamwuliza mama mbele yao alikwenda wapi. Mama akajibu hakwenda popote. Mwanamke ambaye ua wake ulipakana na wetu akamtetea, akasema siku zote hizo hakumwona akitoka. Baba akarudia tu kwamba bunduki haikosi. Watu wakaanza kutazamana, kwa sababu mwanamke anayetoka mumewe akiwa porini, kwa fikra za mtaa, haendi kuomba chumvi. Mama aliyasikia yote ambayo hayakusemwa.

"Wekeni debe kule," alisema. "Apige mbele yenu. Mimi nipo hapa, sijatoka, sijagombana na mtu. Akilipata, narudi kwetu leo hii. Akikosa, msinitaje tena."

Debe likawekwa juu ya kichuguu nyuma ya shamba lililovunwa, pasipo na nyumba. Watoto wakasogezwa. Baba akalenga, akapiga, debe likabaki pale pale. Akasema basi bunduki imeharibika. Lilimtoka kwa shida, kama anayetangaza msiba. Baba mdogo akaipokea mkononi mwake na kupiga, bila kulenga sana. Debe likaruka, likabingirika mpaka kwenye mabua.

Ndipo tulipoelewa wote kwa pamoja. Bunduki ilikuwa nzima, na nyumba ilikuwa nzima. Baba alikuwa bado anatazama mbele, amekunja uso. Akaniinamia na kuniuliza kwa sauti ya chini, ambayo katika ukimya ule ilimfikia kila mtu:

"Hilo debe mliliweka wapi?"

Sikujua mtu anamwonyeshaje baba yake kitu kilicho mbele ya macho yake.

Mama alikuwa ameshinda. Jina lake lilikuwa limerudi, safi, na mashahidi wamejaa uani. Akamtazama baba kidogo, kisha akawageukia majirani.

"Nilitoka," alisema. "Asubuhi ile nilikwenda kuomba moto."

Jirani yake alimtazama mama, kisha baba. "Kweli," akasema. "Alikuja kwangu. Nilimpa."

Baba mdogo naye, aliyekuwa bado ameishika bunduki, akadakia: "Mnaona nyie? Ndiyo maana mimi nimelipata. Huyu ni shemeji yangu, si mke wangu."

Watu wakaguna kwa nafuu. Mila si mchezo, wakaambiana, na hakuna aliyetaka kuuliza zaidi.

Kosa la namna hiyo husafishwa kwa kuku, na mkosaji ndiye hutoa. Mama alikamata jogoo wake mwenyewe, akachinjiwa, akapika. Majirani wakala pamoja nasi, wakisema maneno ya kumwonya mama awe na subira siku nyingine, naye akiitikia. Baba hakuinua uso. Firigisi kwetu ni ya mwenye nyumba. Aliitafuta kwenye bakuli kwa vidole, taratibu, mpaka akaipata, akaniwekea mimi.

"Kula, msomi," alisema. "Wewe ndiye uliyetueleza vizuri."

Mama alikuwa amesimama pembeni yetu na birika la maji ya kunawa, akisubiri tumalize. Nikaila.