Pipa la Nyumba Mbili

Mwezi uliopita nilikwenda Temeke kumtembelea mjukuu wangu, na kabla sijapiga hodi nikakuta wanawake wawili wanazozana getini juu ya pipa la taka. Pipa lenyewe ni la plastiki, la kijani, lina magurudumu kama kigari cha mtoto.

"Dada, taka zako zina miguu? Mbona kila siku zinalala kwangu?" alisema mmoja.

"Zimekupenda," akajibu mwenzake.

Nilicheka, ndugu yangu, kisha kicheko kikanikauka. Mtaa ule ule, nilipokuwa na miaka tisa, niliona ugomvi wa pipa ulioanza kwa maneno kama hayo, na nusura uishie makaburini.

Zama hizo Mwingereza ndiye aliyetawala, na Temeke ilikuwa mashamba kuliko nyumba. Nililelewa na bibi yangu, mzaa mama. Asubuhi yetu ilianza kwa sauti ya fagio la chelewa, na taka zote tulizipeleka uani, kwenye jaa: magamba ya samaki, machicha ya nazi, majivu, maganda ya muhogo. Kila nyumba ilikuwa na jaa lake. Kuku walipekua, mvua ikaozesha, ardhi ikameza. Bibi alipenda kusema, "Jaa halijai."

Siku moja akaja bwana afya, kaptula yake imepigwa pasi hadi inasimama yenyewe. Akasema majaa yanaleta panya, yafukiwe yote. Tukaletewa mapipa ya lami yenye vifuniko vya bati, kila nyumba mbili pipa moja, na gari la taka likawa linapita kila Jumatatu. Bibi alilizunguka lile letu, akaligonga kwa kidole.

"Hili litajaa," akasema.

Tulishirikiana nalo na jirani, mke wa karani wa bandarini. Alikuwa Mkristo, mtu wa bara, mpole sana, ambaye hakupita mlangoni petu bila kupiga goti na kusema, "Shikamoo, bibi." Watoto wawili alikuwa amewazika kabla hawajatimiza siku arobaini, na sasa alikuwa na mimba ya tatu. Bibi yangu alikuwa mkunga wa mtaa. Alikuwa amemwahidi, "Huyu nitampokea kwa mikono yangu hii, inshallah," na yule mama aliishikilia ahadi hiyo kama mtu anayeshika kamba kisimani.

Lakini utumbo wa samaki wetu ulimtapisha. Pipa likasogezwa upande wetu. Kesho yake likakutwa mlangoni pake.

"Bibi, pipa lako limekuja kututembelea."

"Langu? Kwani nililizaa mimi?"

"Basi lina mwenyewe, maana hapa halikuja kwa miguu yake."

"Liulize. Labda limekupenda."

Kila mmoja aliapa kwamba hakuligusa. Mimi nilidhani ni ukaidi wa watu wazima, mpaka asubuhi moja nilipotangulia kuamka kufagia. Pipa lilikuwa limehama hatua kumi nzima. Mchanga ulikuwa umetulia kama unga uliochekechwa: hapana mburuzo, hapana wayo, hata wa kuku. Tena adhuhuri, jua likifika utosini, lile pipa lilikuwa likilia mara moja tu, ngo, kama mtu aliyegonga kutoka ndani.

"Bati linapata joto," bibi alinituliza. "Chuma nacho kinapumua."

Tangu aliponiambia kwamba linapumua, sikulikaribia peke yangu ila kwa kukimbia.

Sasa nikwambie habari ya nywele. Bibi alipaka hina mvi zake, zikawa nyekundu kama kutu. Kila Ijumaa baada ya kuoga alichana kwa kitana, akakusanya zilizotoka pamoja na kucha alizokata, akanipa nikazizike migombani. Vya mwilini, aliniambia, havichanganywi na taka. "Natanguliza kidogo kidogo," alikuwa akisema, "siku nikienda mzima nisiwe mgeni."

Ijumaa moja migombani palijaa siafu, na wenzangu walikuwa wananiita tucheze. Nikaona uvivu. Nikachukua kipande cha kaniki kuukuu, nikazifunga zile nywele ndani yake bibi asizione, nikapiga fundo moja upepo usizitawanye, nikatumbukiza kwenye pipa. Kesho yake, Jumamosi, mwalimu wetu wa chuo cha Kurani akatufundisha kujikinga na shari ya wachawi wanaopuliza mafundoni. Nikalikumbuka fundo langu.

Jumapili jirani alirudi kanisani, akafunua pipa kumwaga majivu. Ukelele wake nausikia mpaka leo. Alikuwa amekinyanyua kile kifurushi kwa ncha ya kijiti. Kaniki nyeusi, fundo, na unywele mmoja mwekundu uliochomoza.

"Bibi! Kumbe ni wewe! Wawili hawakukutosha?"

Bibi alitoka na kitambaa chake cha kuswalia bado kichwani. "Wawili gani, mwanangu?"

"Usiniite mwanangu. Kifungue basi hapa mbele ya watu, kama si chako."

"Kitu nisichokifunga sikifungui." Kisha akainua mkono, watu wakiwa wamejaa uwanjani, akaapa kwa Mwenyezi Mungu kwamba kitu kile hakikutoka nyumbani kwake.

Hapo ndipo ulimi wangu ulipokufa. Ningesema kweli, ningemfanya bibi yangu mwongo wa kiapo mbele ya mtaa mzima. Jirani akakirudisha kifurushi pipani, akatema mate mchangani, akasema, "Mikono yako isinifikie. Hata nikifa."

Jumatatu gari la taka likapita. Nilisimama barabarani nikaona kwa macho yangu wakilibinua pipa letu, na ile kaniki ikianguka pamoja na vifuu vya nazi. Gari likaondoka. Nikamshukuru Mungu.

Jumatano uchungu ukamshika yule mama. Mumewe alikuwa bandarini. Mwanamke wa nyumba ya tatu aliingia kumsaidia, akatoka mara mbili akitikisa kichwa. Kufika adhuhuri vilio vilikuwa vimegeuka kuguna, na mtaa mzima ulinyamaza, hata mbuzi za kukunia nazi zilinyamaza. Bibi alikaa barazani na tasbihi yake, machozi yanamtiririka.

"Nenda, bibi," nilimwambia.

"Nyumba ya mtu haiingiwi bila karibu. Mwenye nyumba amesema nisiingie." Akanipa sinia la maganda ya muhogo nikayamwage, nadhani aniondoe tu nisisikie.

Nikaenda. Uwanja ulikuwa mweupe kwa jua, na kivuli changu kilikuwa chote chini ya nyayo. Juu ya kifuniko cha pipa, katikati kabisa, kimekaa kile kifurushi cha kaniki.

Pipa likalia, ngo.

Sijui miguu ilitoa wapi nguvu. Nilikinyakua, nikaingia nyumbani kwa jirani bila hodi, nikapiga magoti karibu na kitanda chake. Uso wake ulikuwa wa kijivu.

"Shikamoo, mama. Ni mimi. Ni nywele za bibi tu. Nilitumwa nikazizike nikaona uvivu. Bibi hajui lolote. Nafungua uone."

Nikafungua fundo. Chini yake palikuwa na fundo la pili. Na mimi, ndugu yangu, nilifunga moja. Nikalifungua la pili, nikakuta la tatu. Sisemi nisichokijua, nasema nilichokiona: la tatu lilipolegea, yule mama alivuta pumzi ndefu kama mtu aliyetoka chini ya maji. Nywele nyekundu zikamwagika kiganjani mwangu. Akazitazama. Akacheka, akilia.

"Hina," akasema. "Ni hina ya bibi. Mwite. Mwite upesi."

Mtoto alizaliwa kabla ya alasiri, wa kike, ana sauti kama ya mnadi samaki. Jioni ile bibi alichimba shimo moja migombani, akafukia humo kondo la nyuma la yule mtoto, na kando yake zile nywele zake. Kisha wakalisimamisha pipa katikati ya milango miwili, na halikuhama tena. Bibi alifunga siku tatu kwa sababu ya kile kiapo, ingawa mwalimu alimwambia halazimiki kwa jambo ambalo hakulijua. Mimi sikuchapwa. Nilipomnong'oneza habari ya mafundo matatu, alimaliza chai yake kwanza, kisha akasema, "Yaliyofunguka usiyafunge tena kwa maneno."

Nimemtii miaka yote hii; leo ndiyo kwanza nasimulia. Bibi aliondoka kitambo, wala hakwenda mgeni. Migomba haipo, pale pana ukuta na duka la simu. Yule mtoto alikua, akaolewa, akahamia mbali, na wala hajui kondo lake limelala na nywele za nani udongoni. Majirani wa siku hizi nao wanagombana, lakini sioni atakayelia kwa kukatazwa mlango wa mwenzake. Fundo moja lilikuwa langu, na kwa hilo nimetubu. Mawili namwachia Anayejua.

Wale dada walipokwisha kuzozana, niliinama juu ya lile pipa la kijani. Juu kabisa ya taka palikuwa na kibonge cha nywele za mjukuu wangu, alizozichana asubuhi.

"Bibi jamani, unatafuta nini kwenye uchafu?" aliniita kutoka dirishani.

Nilizitoa, nikazizika chini ya mche wa mpapai kando ya ukuta. Nilizikunja kwa jani. Fundo sikupiga.