Manyoya Juu ya Mafiga

Mwaka 2014, pale Kasulu, nilikuwa mwendawazimu wa shingo za majogoo. Usicheke. Nikikutana na jogoo wa mtu njiani simtazami yeye, natazama shingo yake. Mume wangu alikuwa ameondoka kutafuta maisha, hana simu wala salamu. Nilibaki na mama yake kwenye nyumba ya chumba kimoja na jiko la pembeni. Binti yangu nilikuwa nimempeleka kwa wifi yangu Kasanda, maana kwangu alikuwa analala na njaa. Kila nikiona mtoto wa mwenzangu amebebwa mgongoni, nageuza uso.

Ndipo mzee mmoja mwenye duka mjini, mtu wa asili ya pwani, akanifungulia mlango. Ndugu yake huko Arusha alikuwa na karakana ya kutengeneza nzi wa bandia wa kuvulia samaki. Wanachukua ndoana ndogo, wanaizungushia unyoya wa shingo ya jogoo, nyuzi zake zinasimama kama miguu ya mdudu, samaki anadanganyika. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mzee hakucheka. Alitaka mtu wa kuwachagulia manyoya, na mtu huyo angepewa chumba nyuma ya duka, akae humo na kazi yake. Hapo nikainuka. Kazi na chumba maana yake ni mtoto wangu arudi.

Alinifundisha mwenyewe. Unaukunja unyoya taratibu. Nyuzi zikifunguka, kila moja ikasimama peke yake, ngumu, inang'aa, huo ni mzuri. Zikishikana na kulala, tupa. Ule ulaini wa chini, kama pamba, uwe mfupi, kwa sababu unakunywa maji na nzi anazama. Jogoo mchanga hafai, shina la unyoya wake bado lina damu. Kuku aliyemwagiwa maji ya moto usimguse kabisa. Shingo ichunwe kavu, na ngozi yake. Mwisho unauzungusha unyoya kidoleni. Ukikatika, unyoya huo umekufa.

Jamani, nilizunguka! Kwenye maharusi, Buhigwe, mpaka Manyovu kwa wauza supu, nawasihi wapishi wanikatie shingo kabla ya maji ya moto, nikaichune nyumbani. Walinitania eti nimeolewa na jogoo. Sikujali. Kila shingo niliyopata niliiweka kwenye boksi chini ya kitanda.

Na nyumbani kwetu palepale alikuwepo jogoo wa mama mkwe, wa madoa ya kijivu na meupe, mwenye shingo ambayo sijaiona tena mpaka leo. Nilimtamani jogoo yule hadi nikaona haya. Lakini alikuwa wa kumpokelea mwanawe. "Siku akirudi akute nini?" mama aliniambia. "Nimchemshie majani ya maharage?" Sikumgusia tena.

Mvua zikaanza. Safari moja nilikwama Manyovu, barabara imekatika, na huku nyuma mama akaona nondo, wale wadudu wanaotafuna manyoya, kwenye boksi langu. Akafanya wanachofanya watu wote wa kwetu kwa mahindi ya mbegu. Akazitundika shingo zote kwenye uchaga, juu ya mafiga, moshi ufukuze wadudu. Nilipofika alinipokea anatabasamu.

"Nimekuokolea kazi yako, mwana wanje," akasema, akiniita mwanangu kwa Kiha.

Niliangua shingo moja, nikachomoa unyoya, nikauzungusha kidoleni. Ukakatika, joto la moto lilikuwa limeukausha kabisa. Nikachomoa mwingine, nao tek! Nilichomoa na kuchomoa mpaka sakafu ikajaa vipande. Nilizifua zilizobaki kwa sabuni, nikazipaka mawese kidogo nikidhani zitalainika, zikawa taka tupu. Nilizipeleka hivyohivyo, nitafanyaje?

Mzee alinusa kwanza. Kisha akauzungusha mmoja. "Binti, haya yamekufa."

Nilipiga magoti mbele ya wateja. Heshima yangu yote niliiacha kwenye ile sakafu. Mzee akatazama pembeni, akasema mpwa wake anaondoka Ijumaa kwenda Arusha. "Mimi jicho lako naliamini. Ndugu yangu hataliamini kwa maneno. Niletee hata shingo moja ya kumwonyesha."

Shingo moja! Msimu ule majogoo wote walikuwa wanapukutisha manyoya, shingo zimebaki kama zimenyolewa, isipokuwa yule wa mama tu. Nilirudi nyumbani nikamweleza mama kila kitu, moshi na yote, nikilia kama mtoto. Alikaa tu anatazama mikono yake.

Alhamisi nilizunguka tangu asubuhi nikarudi mikono mitupu. Nakaribia nyumbani, naona jikoni pana moshi mwingi. Sufuria kubwa iko motoni, maji yanatokota. Uani jogoo hayupo, ila damu. Nikatimua mbio.

"Mama! Usimmwagie maji! Mama!"

"Unampigia nani kelele?" Alikuwa amekaa kwenye kigoda, jogoo miguuni pake. Kando yake, juu ya ubao, ile shingo ya madoa ilikuwa imetandazwa, kavu, imechunwa vizuri kuliko ambavyo ningechuna mimi. "Na mimi nina macho. Nimekuona ukichuna."

Nilichomoa unyoya. Nikaukunja, nyuzi zikasimama moja moja. Nikauzungusha kidoleni, mara moja, mara ya pili. Haukukatika.

"Na yeye je, mama? Akirudi?"

Alimshika jogoo miguu, akamtumbukiza kwenye maji ya moto.

"Kamlete mtoto," akasema. "Huyo mwingine haji."

Ijumaa mzee aliipokea ile shingo, akampa mpwa wake, na bila kungoja jibu la Arusha akanikabidhi ufunguo wa chumba. Lakini mimi nakumbuka zaidi mchana ule wa Alhamisi. Tulimla jogoo yule mimi na mama tu, na paja alilokuwa amwekee mwanawe aliniwekea mimi.