Wa Mbele Hageuki

Wenzangu wa ofisini Muhima waliposikia nimejiunga na klabu ya mitumbwi, walicheka mpaka wakafuta machozi. Kigali ni vilima juu ya vilima, mtapiga kafi kwenye lami? Niliwajibu kwamba tunakwenda Ziwa Muhazi kila Jumamosi, isipokuwa ile ya umuganda, kazi ya pamoja ya kila mwisho wa mwezi, na wao waendelee kukalia viti mpaka viti viwachoke. Nikichekwa huwa sina simile. Sikuwaambia kwamba maji nayaogopa tangu utotoni, na kwamba nilijiunga kwa sababu nilichoka kuyaogopa.

Mitumbwi yetu inalala Gisozi, kwenye karakana ya fundi seremala ambaye pia ndiye mwenyekiti wetu na mkali wetu. Tunaipandisha kwenye pikapu, tunabishana nani kasahau kamba, tunaondoka. Jioni tunakula mishikaki na viazi vya kuchoma, kila mmoja akidai leo kajituma kuliko wenzake. Fundi ana sheria moja asiyoifanyia mzaha: mtumbwi ukishaacha ufuko, aliyekaa mbele hageuki. Mtumbwi wa watu wawili ni mwepesi, na wa mbele akijigeuza kumtazama mwenzake anaweza kuwamwaga wote wawili. Ukitaka kusema, sema huku unatazama mbele.

Kwa hiyo mwenzangu wa mtumbwi namjua kwa mgongo. Ni mama anayekaa mtaa wa Rwezamenyo, mwalimu wa shule ya msingi, amenizidi umri kama dada mkubwa. Najua bega lake la kulia linavyopanda kabla hajavuta kafi, najua mgongo huo ukiwa na hasira na ukiwa na usingizi. Uso wake nauona nchi kavu tu, na huko anacheka sana.

Siku moja tukifunga mitumbwi aliniambia kwamba mwaka wa mauaji ya kimbari kaka yake aliuawa akatupwa mto Nyabarongo, na hakupatikana. Alisema kama mtu anayetaja mtaa anaokaa, kisha akaniomba nimshikie kamba. Alijua mimi ni Mtanzania, nimezaliwa kando ya mto Kagera, na maji ya Nyabarongo huishia humo. Hakuuliza lolote, nami nilishukuru.

Kisha fundi akatangaza kwamba Jumamosi inayokuja tutashuka Nyabarongo badala ya kwenda ziwani, maana ni karibu na mafuta ya gari yamepanda. Nilidhani mwenzangu atasingizia homa. Nilimkuta amefika kabla ya wote, jaketi okozi limefungwa mpaka kidevuni.

Mto ulikuwa wa rangi ya udongo, mafunjo huku na huku. Wenzetu waliotangulia walikuwa wakiimba. Mimi kila gogo lililoelea nililitazama mara mbili, na moja nililifumbia macho kabisa mpaka likapita. Siamini mizimu, na mtu akinisimulia habari za mizimu humkatiza. Lakini mto ule ulikuwa na watu. Nilikuwa nachovya kafi polepole, nikiogopa kumgusa mtu.

Hapo ndipo mgongo uliponiuliza.

"Mdogo wangu, maji hii inafikaga kwenu?"

"Yanafika, dada."

"Mwaka ule, ulikuwa uko?"

"Nilikuwepo. Nilikuwa mtoto."

Alivuta kafi, akavuta tena. "Kaka yangu alivaa sweta ya kijani, ya shule. Watu ya kwenu walikuwa wanawatoa kwenye maji? Ao waliwaacha tu?"

Nilitamani sana kusema uongo. Ningesema tu, sweta ya kijani, ndiyo, baba aliiona, na pengine angelala usingizi usiku ule. Ulimi ulikuwa tayari. Nikaona haya hata mbele ya mgongo.

Nikamwambia ninachokijua. Baba yangu alikuwa akivusha watu kwa mtumbwi pale Kagera. Miezi ile aliacha kuvusha. Yeye na wenzake walikuwa wakiwatoa watu majini na kuwazika juu ya ukingo. Sisi watoto tulikatazwa kufika mtoni, kwa hiyo sweta sikuiona, wala sura ya mtu yeyote. Nilichoona ni nguo za mama. Mama ni mzaliwa wa Tanga, alikuja kuolewa kwetu na sanduku lililojaa kanga. Baba akirudi alisimama mlangoni bila kuingia, mama akampa kanga, akaondoka nayo. Kesho yake hivyo hivyo. Kanga zikaisha, zikafuata shuka, likafuata pazia. Mwisho mama alitoa kisutu, kanga yake ya harusi. Baba alikataa kukipokea. Mama akamwambia, "Chukua. Naye ni mtoto wa mtu." Baba hakula samaki tena mpaka anakufa, na habari ile hakuizungumza.

Kafi la mwenzangu lilisimama. Maji yakawa yanatupeleka yenyewe.

"Kumbe walifunikwa," alisema.

"Si wote, dada. Nguo ziliisha. Lakini wale ambao baba aliwafikia zikiwepo, walifunikwa."

"Ile ya harusi, ilikuwa rangi gani?"

"Nyekundu na nyeusi, juu ya nyeupe."

Akageuka. Mtumbwi ukayumba, maji yakaingia, fundi akapiga kelele kutoka nyuma, "Sha! Wa mbele hageuki! Mutaanguka!" Hakumsikia. Hakuwa analia. Alinitazama kama mtu anayeitafuta nyumba aliyoelekezwa. Nilishika kingo zote mbili za mtumbwi, nikalia mimi.

Jumamosi iliyofuata alinikuta Gisozi akanipa mfuko wa karatasi. Ndani mlikuwa na kisutu, doti nzima, bado kikavu kwa wanga wa dukani. Alikuwa amezunguka Rwezamenyo yote mpaka akakipata kwa mama mmoja wa Kitanzania.

"Peleka kwa mama yako," alisema. "Umwambie imerudi."

Nilipokwenda likizo nilikipeleka, nikamsimulia mama habari yote ya mwenzangu na kaka yake. Mama alikikunjua juu ya mapaja, akakipapasa muda mrefu. Halafu akauliza, "Huyo kijana alikuwa anaitwa nani?"

Sikujua. Wakati wote ule sikuwa nimeuliza. Nilitoka uani nikapiga simu Kigali, na mama akanifuata akaichukua mkononi mwangu. Alisikiliza. Akalitamka jina polepole, akakosea, akalitamka tena mpaka likakaa sawa. Jina ni la kwao, mimi siliandiki hapa.

"Nimelishika," mama alisema kwenye simu. "Sasa njoo, mwanangu. Njoo nikuonyeshe walipolala."