Kabichi Iliyochacha

Mume wangu alipofariki sikulia, na majirani zangu wa Utemini waliliona hilo kabla yangu mimi mwenyewe. Wanawake waliokaa nami kwenye mkeka wa msiba walinitazama usoni, wakatazamana wao kwa wao, kisha wakaendelea kulia kwa niaba yangu. Sikuwalaumu. Nilikuwa nimekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa vibaya, na mguu wa namna hiyo hata ukichomwa mwiba haukwambii kitu. Nililetewa uji nikanywa, nikaletewa wali nikala. Kama mmoja ungetiwa sukari na mwingine majivu, nisingejua tofauti.

Kitu kimoja tu nilikitaka katika nyumba ile: ndoo nyeupe iliyokaa nyuma ya mlango wa jiko. Ndani yake mlikuwa na kabichi ya mwisho aliyoitengeneza.

Ufundi huo aliutoa upande wa Itigi, alikokwenda kupika kwenye kambi ya wajenzi wa reli. Mpishi mkuu wa pale alikuwa mgeni kutoka Asia, Kiswahili chake hakikuvuka habari na asante, kwa hiyo alimfundisha kwa mikono. Kabichi inakatwa, inasuguliwa kwa chumvi mpaka itoe maji yake yenyewe, inachanganywa na tangawizi, vitunguu swaumu na pilipili, inashindiliwa kwenye ndoo na kukandamizwa kwa jiwe ili isielee. Mawe Singida hatuombi. Baada ya hapo inaachwa ichache. Mgeni yule alitumia pilipili nyekundu ya unga kutoka kwao. Mume wangu akaweka pilipili mbuzi za sokoni na vitunguu maji vyetu, akasema sasa kabichi imeandikishwa uraia.

Kila ndoo mpya aliianzisha kwa kikombe cha maji ya ndoo ya zamani. Maji hayo aliyaita mbegu. Nilimwelewa, maana nyumbani kwetu mama alikuwa habakizi kibuyu kitupu. Alibakiza mgando kidogo wa kugandishia maziwa yanayofuata. Kwa hiyo ile ndoo ya mwisho ilikuwa na damu ya ndoo zote, tangu ya kwanza aliyokuja nayo kutoka kambini.

Jumapili, tukitoka kanisani, alinunua kitimoto, nyama ya nguruwe. Aliichemsha kwa chumvi na limao mpaka maji yakauke na mafuta yake yenyewe yaanze kulia, akaweka vitunguu, halafu kabichi na maji yake kidogo. Mimi nilionja nikasema, "Chumvi imezidi." Yeye, bila kuinua macho kwenye sufuria, alijibu, "Subiri ugali." Alikuwa na maana kwamba ugali hauna chumvi, kwa hiyo vikikutana mdomoni vitapatana. Jibu hilo lilinikera miaka yote. Mtu unamwambia kosa lake, yeye anakupa jibu la nusu sentensi! Jumapili iliyofuata alizidisha tena, nami nikasema tena.

Matanga yalipoanuliwa, wifi yangu, dada mkubwa wa marehemu, hakurudi kwake Issuna pamoja na wengine. Alibaki anisaidie usafi. Nyumba ya msiba lazima isuguliwe, majivu yatolewe, vyombo vya watu virudishwe. Wifi ni mtu ambaye upendo wake umo kwenye ufagio. Hajui kukubembeleza kwa maneno, lakini ukiamka utakuta hata sakafu ya choo inang'aa. Siku hiyo nililala mchana kutwa. Nilipotoka nje niliikuta ndoo imefunikwa kichwa chini juu ya kichanja, inachuruzika maji, inanukia sabuni.

"Shikamoo wifi," nikamsalimu. "Kile kilichokuwa humu?"

"Marahaba. Ile kabichi? Ilikuwa imechacha, wifi. Nimewamwagia nguruwe wa jirani. Na ile harufu, watu wakija kukupa pole watafikirije? Jiwe lako hilo nimeliweka mlangoni, lizuie upepo."

Hakukosea. Ilikuwa imechacha kweli. Kazi yote ya mume wangu ilikuwa kuifikisha kwenye neno hilo, na kwetu neno hilo ndilo linalopeleka chakula kwa nguruwe. Wifi anajua maziwa yakigeuka ni neema na mboga ikigeuka ni uchafu. Nani angemwambia kwamba kaka yake aliihamisha kabichi akaipeleka upande wa maziwa? Mimi ndiye niliyekuwepo, na nilikuwa nimelala.

"Sawa," nikasema. Maji yakimwagika hayazoleki.

Nilikaa nikalitazama lile jiwe mlangoni, nikingoja kitu kitokee ndani yangu. Hakikutokea. Hapo ndipo nilipoogopa kwa mara ya kwanza. Kumzika mtu ni jambo moja. Lakini kama hata hili haliniumizi, niliwaza, basi ameisha hata ndani yangu, na nitaishi na jina lake tu.

Upande wa pili wa ua anakaa mama mmoja wa Kiislamu, mjane kwa miaka mingi. Asubuhi iliyofuata aliniita kutoka kwake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nilimsikia wifi yako jana akisimulia habari za ndoo. Njoo huku na bakuli."

Nilikuwa nimesahau. Mume wangu alisema zamani kwamba ni dhambi mama wa watu kupelekewa harufu kila Jumapili na asipelekewe kitu cha kuweka mdomoni. Alinunua ndoo mpya, kisu kipya na kibao ambacho hakijawahi kuona nyama, akaenda kumtengenezea kabichi yake jikoni kwake mwenyewe, siku ambayo kwetu haikupikwa kitimoto. Mbegu aliichota kwetu kabla mkono wa mtu haujagusa nyama yoyote. Tangu hapo mama yule alikuwa akiila na maharage, na ndoo ikikaribia kuisha anaanzisha nyingine.

Nikamkuta ameshafunua. Aliichota kwa upawa wake, akaiinua juu, akaimimina kwenye bakuli langu kutoka mbali, upawa usiguse. Tuliliangalia hilo wote wawili, na hakuna aliyeona haya, ndivyo tulivyoishi.

"Sikuulizi utaipikia nini," akasema, akafunika ndoo yake.

Nikarudi nyumbani. Kikombe kimoja cha maji ya kabichi ile nilikiweka kando kiwe mbegu. Nikalitoa jiwe mlangoni, nikalichemsha, nikakata kabichi mpya na kuishindilia pamoja na mbegu kwenye ndoo ile iliyonukia sabuni, baada ya kuisuuza mpaka mikono ikasinyaa. Nilifanya yote hayo kama mtu anayefua nguo za mwenzake. Mikono ilijua, mimi sikuwepo.

Jumapili nikanunua kitimoto. Wifi alikuwa bado yupo, akasema yeye atasonga ugali, maana wangu siku hizo ulikuwa na mabuje ya unga mbichi. Akabandika maji upande wa pili wa jiko, akachukua unga wa uwele. Mimi nikachemsha nyama, nikaiacha ikauke, nikaweka vitunguu, nikaweka kabichi ya lile bakuli. Moshi ule wenye uchachu ukapanda. Wifi akakunja pua, kisha pua ikakunjuka yenyewe. Nadhani alielewa wakati huo alichokimwaga.

Nikachota kidogo kwa kijiko nikaonja.

Ilikuwa chumvi. Ilinikata ulimi pembeni, ikashuka mpaka kooni. Mama yule alikuwa amefuata kipimo alichofundishwa, na kipimo kile kilikuwa kibaya siku zote. Tangu tumzike sikuwa nimesikia ladha ya kitu.

"Chumvi imezidi," nikasema. Nilisema kwa hasira, kwa sauti ileile ya kila Jumapili, nikiwa nimeigeukia nafasi tupu kando ya sufuria.

Wifi alikuwa amenipa mgongo, ameinama, jasho linamtoka, anaukandamiza ugali kwa mwiko.

"Subiri ugali," akasema.

Nilikaa chini palepale, kwenye majivu, nikalia. Nililia kwa sauti mpaka mama wa upande wa pili akaita kuuliza kuna nini. Wifi aligeuka na mwiko mkononi, amechanganyikiwa, akinitazama mimi na kuutazama ugali.

"Wifi jamani, usilie," aliniambia. "Unaiva. Umebaki kidogo tu, unaiva."