Magadi Niliyomtia Abdi Jichoni

Mwanangu, iko asubuhi moja kule kwetu Ijara ambayo haijanitoka kichwani, nami nimechoka kuibeba. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na pale kwetu hakuna aliyeniweza kwa maneno ya darasani.

Mdogo wangu Abdi alikuwa akiongeza asidi kwenye betri ya lori la mbuzi. Chupa ikamteleza, asidi ikamrukia jicho la kushoto. Akapiga yowe. Shangazi yetu, edo Khadija, akaja mbio na mtungi wa maji.

"Mmwagie!"

"Ngoja, edo. Hayo ni maji ya ndama, na kisima kiko mbali. Shuleni tumesoma kwamba besi huua asidi. Magadi ni besi, nipe yale ya jikoni."

"Warya, we kijana, jicho la ndugu yako ni maharagwe?"

Nilicheka, mwanangu. Abdi analia, mimi nacheka. Nikakoroga magadi kikombeni, polepole, mpaka yakayeyuka, nikamtia jichoni. Akalia zaidi.

Daktari wa Garissa aliuliza tu kama tulimwosha kwa maji mara moja. Nikamweleza habari ya magadi. Ni kweli, alisema, asidi na besi zikikutana huvunjana nguvu, zikabaki maji na chumvi. Lakini hutoa joto, na besi yenyewe huunguza. Tena, muda wote niliokuwa nakoroga, asidi ilikuwa inakula jicho. Mwalimu wangu alituonyesha hayo kwenye chupa ya kioo. Chupa haina maumivu.

Upande ule Abdi haoni hadi leo. Akiulizwa, husema chupa iliteleza, basi. Miaka yote hii nimemwacha aseme hivyo, nami nimekaa kando nikinywa chai.

Sasa ninyi mnafunga betri za sola kule Galbet, na dada zenu wanatengeneza sabuni kwa kostiki soda. Kostiki ni besi, nayo hula jicho vibaya kama asidi, pengine kuliko asidi. Ikimrukia mtu, usitafute cha kuivunja nguvu. Mwagia maji safi, mengi, papo hapo, kope zikiwa wazi, nusu saa au zaidi, kisha hospitali. Ndama watatafutiwa mengine. Na ukikosea, sema ni wewe, usingoje uzee kama mimi.

Allah akuhifadhie macho yako, mwanangu, na akupe ndugu mwenye huruma kama Abdi, lakini asikupe sababu ya kuihitaji huruma yake.