Zamu ya Mshonaji

Mama yangu alikuwa mkristo wa kuchosha. Nasema hivi kwa heshima, na nimeshaungama mara nyingi kwa kusema hivi, lakini ni kweli. Watu wengine wanasali halafu wanaendelea na kazi zao. Mama alisali, halafu kazi ikatuangukia sisi.

Tulikaa Kinama, mtaa wa kaskazini mwa mji, wajukuu wa watu waliotoka Uvira, ng'ambo ya mpaka, zamani kutafuta kazi. Vita vilipoingia mpaka mitaani kwetu, Baba alivuka mpaka kwenda Uvira kututafutia nyumba. Mimi nilikuwa na miaka kumi na sita, mdogo wangu wa kike minne. Baba akatuma neno: Jumamosi saa tatu asubuhi, kamioneti, pikapu ndogo ya rafiki yake, itasimama kwenye barabara kubwa. Ina nafasi tatu zetu. Tusichelewe, kwa sababu haitarudi tena.

Sasa sikia. Wiki hiyohiyo tulikuwa na mgeni. Shirika letu la wakristo wa mtaa lilikuwa na sanamu ya Bikira Maria, ya plasta, urefu wake kama mkono mpaka kiwiko, nayo ilitembea nyumba kwa nyumba. Kila familia inakaa nayo siku tisa, inasali rozari kila jioni, siku ya kumi inaipeleka kwa anayefuata. Siku zetu tisa ziliisha Alhamisi. Anayefuata alikuwa mama mmoja mshonaji, mjane wa nyumba ya kona. Ijumaa Mama akabeba sanamu mpaka pale, akakuta kufuli mlangoni.

Mshonaji alikuwa amekimbia. Mtaa ulishaanza kujigawa kwa kabila, hawa wanabaki, wale wanaondoka, na yeye alihesabiwa kati ya wale wa kuondoka. Wanawake wa shirika wakamwambia Mama amruke tu, ampelekee mama mapacha, ambaye alifuata baada yake. Mama mapacha mwenyewe alikuwa ameshatandika kitambaa mezani.

"Apana," Mama akasema. "Zamu ni yake. Mi siruki mutu."

"Lakini hayuko!"

"Iko mahali."

Jumamosi saa mbili vifurushi vilikuwa mlangoni. Mama akajifunga kitenge, akaweka sanamu mgongoni. Amesikia mshonaji yuko kwenye uwanja wa kanisa moja, pamoja na watu waliokimbia. Anaenda mara moja, anampa zamu yake, anarudi.

"Mama, gari ni saa tatu."

"Na mi narudi saa tatu kasoro."

Yesu na Maria! Tangu nizaliwe sijawahi kumwona mama yangu akirudi saa aliyosema. Kanisani kila mtu alimjua. Akitoka misa ya kwanza, anafika nyumbani misa ya pili imekwisha.

Kamioneti ilifika. Nilisimama barabarani na vifurushi na mtoto, namsihi dereva, kidogo tu, kidogo tu, anakuja huyo. Alingoja, Mungu ambariki, mpaka abiria wakaanza kunitukana. Mwishowe akaniambia, "We ingia na mutoto. Mama yako atatafuta njia yake." Nilikuwa nimeshakanyaga tairi kwa mguu mmoja. Niliukaza mguu ule juu ya tairi, nikatazama njia ya kanisani, hakuna mtu. Nikaushusha. Gari likaondoka na nafasi zetu tatu, na Mama akatokea nusu saa baadaye, jasho linamtiririka, sanamu bado iko mgongoni. Hakumpata.

Tulirudisha vifurushi nyumbani. Pale nikaitoa ile sanamu kwenye kitenge nikaiweka chini kwa nguvu, kwenye saruji ya mlango, na ncha ya pua ikaruka. Mama akapiga magoti kuitafuta kwenye vumbi, na risasi zinasikika upande wa pili wa mtaa. Hapo ndipo damu iliponichemka. Nikapiga kelele kwamba Baba anatungoja, kwamba tutakufa hapa kwa sababu ya plasta! Aliinuka bila ile pua, akajipangusa magoti.

"Shika mutoto mukono," akasema. "Tunaenda."

Mama mdogo, dada yake, alikuwa mpishi katika nyumba ya watu Kibenga, kusini kule kando ya ziwa, na alikuwa na chumba cha nyuma. Tulikata mji mzima kwa miguu. Mimi nilibeba kifurushi kichwani, mdogo wangu alitembea analia, na mgongoni kwa Mama, mahali pa mtoto, amekaa Bikira Maria. Kwenye kizuizi askari akaamuru kitenge kifunguliwe. Akatazama sanamu, akamtazama mtoto anayelia, akamtazama Mama.

"Mama, akili yako iko sawa?"

Hilo ndilo swali nililokuwa nalo tangu asubuhi. Akatuacha tupite.

Ningependa kuandika kwamba kamioneti ile ilipatwa na mabaya njiani, na kwamba kuchelewa ndiko kulikotuponya. Padri mmoja aliwahi kunitafutia maelezo ya namna hiyo. Wapi! Ilifika Uvira salama, watu wakashuka, wakaenda kula ugali na ndagala, dagaa wa ziwani. Baba alisimama pale akitazama kila anayeshuka. Miezi miwili alituhesabu kuwa tumekufa, akasomesha na misa ya marehemu. Alipotupata Kibenga alilia kwanza, halafu hakumsemesha Mama wiki nzima, na mimi nilikuwa upande wake.

Na hilo silo lililonichosha zaidi. Sanamu yenyewe ilikaa juu ya kabati, imefungwa kitenge. Siku moja, mdogo wangu ana malaria, nikasema basi angalau tuifungue tusali mbele yake. Mama akakataa. "Siku zetu ziliisha," akasema, "hizi ni za mwenyewe." Tukasali tukiwa tumeelekea ukutani. Miaka mitatu hivyo!

Halafu asubuhi moja tulikuwa soko kuu, Rohero, kwenye safu ya vitambaa, Mama akasimama ghafla nikamgonga. Mshonaji alikuwa mbele yetu, kwenye mashine yake. Alituona. Akainamisha macho akaendelea kukanyaga, kama mtu ambaye hataki kusalimiwa.

"Zamu yako," Mama akamwambia, bila hata salamu.

"Zamu gani?"

"Ya Mama Maria. Sisi tulimaliza. We ndiye ulifuata."

Mashine ikanyamaza. "Mi nilijua mulinifuta," mshonaji akasema.

"Nani akufute? Anakungoja kwetu, juu ya kabati."

Mshonaji alifunika uso kwa kile kitambaa cha mteja, akalia kwa sauti katikati ya soko, na Mama akamshika mabega akilia naye. Nilisimama pale na kikapu. Nilikuwa bado na hasira ya ile kamioneti, na nililia pia, kwa hiyo nikazidi kukasirika.

Jioni ile ile mshonaji alikuja kwetu kumchukua Bikira. Aliuliza habari ya pua, na Mama akaninyooshea kidole mimi.

Siku ya kumi, asubuhi, hodi mlangoni. Mshonaji, sanamu mgongoni, pua imetengenezwa kwa nta ya mshumaa. Amemaliza siku zake. Anayefuata ni mama mapacha, na hakuna aliyejua mama mapacha alikimbilia wapi.

"Iko mahali," Mama akasema, na akaanza kuvaa viatu.

Ee Mungu wangu. Nikatafuta vyangu.